Nafula Ameita

Juzi nilimpeleka mwanangu kwa kinyozi, kile kibanda kilicho chini ya ghorofa letu hapa Komarock. Alipomaliza kunyoa, yule kijana alilowesha pamba kwa spiriti akampangusa kichwa kizima, na mtoto akaruka kitini akipiga kelele kwamba inachoma. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Harufu iliniingia puani nikajikuta nimeshika ukuta, mpaka kinyozi akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, amalize kazi yake. Muongo mimi. Harufu ya spiriti kwenye kichwa kilichonyolewa hunirudisha mahali pamoja tu, na huko sipendi kupelekwa bila kujiandaa.

Nyinyi wa rika langu mliokulia zile nyumba za kanjo, za baraza la jiji, karibu na Makadara hamhitaji kuelezwa sana. Ua mmoja wa saruji, bomba moja la maji, milango inayotazamana, na siri hakuna. Jirani akikaanga omena, ploti nzima mnajua. Baba alikuwa fundi wa umeme kwenye karakana ya reli. Mama alishona sare za shule kwa cherehani iliyokaa dirishani, macho yake yakiwa nje muda wote. Watoto tulikuwa wawili, Nafula na mimi. Nafula alinizidi miaka sita, na alikuwa na kifafa.

Neno hilo halikutamkwa kwetu. Mama alilipiga marufuku. Alisema lina kufa ndani yake, msikilize wenyewe, kifafa, kifafa, na hataki lizoee nyumba yake. Kwa hiyo tukawa na neno letu. Ugonjwa ulipomjia Nafula, kabla macho hayajakaza, kabla hajaanza kutafunatafuna na hana kitu mdomoni, kitu cha kwanza alichofanya ni kuniita mimi. "Nekesa!" Mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyeona kitu nyuma yako. Halafu ananyamaza, macho yanabaki wazi lakini mwenyewe hayupo, mkono unavutavuta gauni, na siku ikiwa mbaya anaanguka na kukakamaa mwili mzima. Ndiyo maana nyumbani hatukusema Nafula ameanguka wala ameugua. Tulisema Nafula ameita. Baba akirudi kazini aliuliza akiwa bado mlangoni, "Ameita leo?" Mama akijibu hajaita, Baba anavua viatu. Akijibu ameita, Baba anaingia navyo mpaka ndani.

Nekesa ni mimi. Lilikuwa jina la mama yake Baba. Wanasema nilipozaliwa nilikuwa kilio tupu, wakanijaribia majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine kama tunavyofanya sisi Wabukusu, na lilipotajwa Nekesa nikanyamaza. Jina zuri, la msimu wa mavuno. Lakini kwetu liligeuka king'ora. Mama hakuweza kulisikia bila kudondosha alichoshika. Watoto wa ploti waligundua hilo mapema, na watoto hawana dini: walijificha nyuma ya choo na kuita "Nekesaaa!" kwa sauti ya Nafula, ili wamwone Mama akichomoka ndani na mkasi mkononi. Siku moja, baada ya mchezo huo, Mama alikaa kwenye kizingiti akalia mbele ya watu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kunitaja. Nyumbani nikawa Kadogo. Shuleni nilikuwa Rose, jina la ubatizo. Nekesa likabaki kwenye mdomo wa mtu mmoja, na hata yeye alilitumia kwa ule muda mfupi tu kabla hajaondoka.

Sasa mtoto wa darasa la tatu afikirie nini? Mimi niliona ni cheo. Nafula alikuwa na mama, alikuwa na baba, alikuwa na marafiki wakubwa wenzake, lakini jambo likimzidi hamwiti mtu mwingine, ananiita mimi. Nikisikia jina langu natupa nilichonacho na kukimbia. Namlaza ubavu, naweka leso chini ya kichwa, halafu nafukuza watu wenye vijiko. Jamani, watu walivyopenda kumtia kijiko mdomoni! Mwingine anakuja na kiatu ati anusishwe. Na wengi hawakumgusa kabisa, maana waliamini ukimgusa akiwa hivyo, au akijamba ukiwa karibu, umeupata na wewe. Walisimama mbali wameziba pua, wakinitazama mimi niliyekaa chini na kichwa chake mapajani. Niliwatazama vilevile.

Kilichobadilisha mambo ni jiko. Ilikuwa alasiri, Nafula anachemsha chai pale mlangoni, mimi niko bombani nakinga maji. Akaita. Nilikimbia, naapa nilikimbia, lakini nilipofika mkono wake ulikuwa tayari ndani ya makaa na chai imemwagika juu yake. Aliungua kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Wakati huo alikuwa amemeza vidonge vya kila rangi, asubuhi na jioni, kwa miaka, na bado aliita karibu kila siku. Daktari aliyemfunga mkono alisema hii haiwezi kuendelea, huyu mtoto atakufia nyumbani, akawaandikia wazazi waende hospitali kubwa mjini wakamwone daktari wa upasuaji wa kichwa.

Nafula alipigwa picha za kichwa, akabandikwa nyaya mpaka akawa kituko, na mwishowe tukaitwa sote wanne. Daktari alikuwa mama mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini inayokulazimu kunyamaza ili umsikie. Aliuliza, "Huwa inaanzaje?"

"Anaita," akasema Mama.

"Anaita nani?"

Mama alinionyesha kwa kidevu. "Anamwita huyu."

Daktari akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akageuza picha kwenye kioo cha taa, akaweka kidole juu ya sikio la kushoto la dada yangu, lile la kwenye picha. "Hapa ndani kuna kovu. Alipokuwa mchanga aliwahi kupata homa kali akakakamaa?"

"Alipata," Mama akasema. "Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, anatetemeka njia nzima."

"Basi ni hapo. Ndipo inapoanzia. Dawa zimeshindwa, lakini mahali penyewe tunapaona, na panafikika. Tunaweza kufungua tukaitoa hiyo sehemu."

Baba aliweka kofia yake magotini. "Sehemu ya ubongo?"

"Kidogo. Pale tu inapoanzia. Hatari ipo, sitawaficha. Anaweza kutokwa damu. Anaweza kusumbuka na maneno, hasa majina, kwa sababu upande huo ndio wa maneno." Halafu akamgeukia Mama, na kwa kumhurumia akatumia neno letu sisi. "Siwezi kukuahidi, mama. Lakini tukifaulu, hataita tena."

Mama alifunika uso kwa leso akalia kwa furaha. "Hataita tena," akawa anarudia. "Baba Nafula, umesikia? Hataita tena!"

Mimi pia nilikuwa nimesikia. Niliketi kwenye kile kiti kirefu, miguu haifiki chini. Inaanza kwa kumwita huyu. Tutatoa pale inapoanzia. Hesabu hiyo ilihitaji shule gani? Walikuwa wanakwenda kunitoa mimi kichwani mwa dada yangu.

Daktari alimuuliza Nafula mwenyewe anasemaje. Nafula alikuwa anautazama mkono wake wenye bandeji. "Nataka kuvuka Jogoo Road peke yangu," akasema.

Nilimwendea Baba, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa kudanganya watoto. Alikuwa amekaa nje anasafisha koleo zake. Nikamuuliza daktari anatoa nini hasa. Alifurahi kuulizwa. Akachukua kipande cha waya akanionyesha palipochubuka. "Unaona hapa? Ngozi imetoka. Umeme ukifika hapa unatoa cheche, na cheche zinasambaa nyumba nzima. Fundi mzuri anafanya nini? Anakata hapa palipochubuka, anatupa."

"Na kile kilichokuwa kinapita hapo?"

"Hakipiti tena," akasema Baba, akakata ule waya, kipande kikaangukia karibu na kidole changu cha mguu. Aliona amenifariji. Nilikiokota nikakitupa mtaroni, nikaenda kulala na njaa.

Halafu wakaja akina mama wa maombi. Walijaa sebuleni mpaka wengine wakakaa juu ya cherehani, Nafula katikati, mikono yote kichwani mwake. Kiongozi wao alikuwa jirani yetu Mama Tabitha, mwanamke mwema mwenye sauti ya kuvunja vyombo. "Bwana!" akapaza. "Hatutaki aite tena! Jina lile lisitoke tena kinywani mwake! Lifute, Bwana! Ling'oe na mizizi!" Na wote wakaitikia amina, Mama akiitikia kuliko wote. Mimi nilikuwa chini ya meza na sahani ya njugu. Kanisa zima limepiga magoti kuomba nifutwe, na hakuna hata mmoja anayejua niko hapo. Nilijaribu kuomba na mimi upande wa pili, kimyakimya, lakini niliona Mungu atamsikia Mama Tabitha kwanza. Nani asingemsikia?

Siku chache kabla ya kwenda, Nafula alikuwa ananisuka, mkono ule mzima ukifanya kazi na ule mwingine ukishikilia tu. Nikamuuliza, "Ukitoka huko utanijua?"

"Nitakujua kwa hayo masikio yako."

"Sema kweli."

"Kaa vizuri, unanipotezea mstari."

"Nafula, sema kweli."

Vidole vyake vikasimama. "Unajua ikinijia huwa sioni kitu?" akasema. "Uoga unapanda kutoka tumboni, unapanda, unapanda, kila kitu kinakwenda mbali. Nakutafuta wewe. Halafu basi, sikumbuki tena. Wakitoa hiyo, mimi sijui wanatoa na nini. Usiniulize vitu ambavyo hata mimi naogopa." Akaendelea kunisuka, akivuta nywele kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, na sote wawili tukajifanya ni kwa sababu ya nywele.

Hospitalini muuguzi alimnyoa upande wa kushoto kwa mashine, kisha akapangusa ngozi kwa spiriti. Kichwa cha Nafula kikang'aa, kidogo, cheupe kuliko uso wake. Mama alipiga magoti akaokota nywele zote sakafuni, unywele kwa unywele, akazifunga kwenye leso. Muuguzi akamwambia, "Mama, kuna mtu wa kufagia." Mama akamwambia nywele za mtoto wake hazifagiliwi na mtu. Harufu ile ilijaa chumba kizima, na mimi nilisimama mlangoni nikimtazama dada yangu kwa kukariri, kama vile anayekwenda kusahau ni mimi.

Walipomlaza kwenye kitanda cha magurudumu, nilitembea kando yake mpaka kwenye milango miwili ya chuma. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka aniite. Siyo Kadogo. Aniite jina langu mara moja, hata kama ataanguka, si yuko hospitali tayari? Nafula alinitazama. Midomo yake ikaachana, nikaona kabisa ulimi unapanda kwenda kuitamka herufi ya kwanza ya jina langu. Akaufunga mdomo kwa nguvu, akageuza uso. Milango ikafungwa. Nikasema moyoni, wameshaanza.

Kungoja kule siwaombei. Baba alitembea kutoka dirishani hadi kwenye benchi, kutoka benchini hadi dirishani. Mama alifungua Biblia kwenye ukurasa mmoja na hakuugeuza. Kila aliyevaa kijani akipita, wote wawili walisimama, na aliyepita hakuwa na habari nao. Nilisikia njaa, nikaona aibu kusikia njaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimngoja mumewe alinipa kipande cha mkate, akaniuliza jina. Sikujua nimwambie lipi, kwa sababu moja lilikuwa linatolewa wakati ule ule nyuma ya mlango. Nikaanza kulia, na Mama akadhani nalilia uhai wa Nafula, akanikumbatia. Nao niliulilia, msinione mbaya. Nilivililia vyote viwili kwa pamoja, uhai wake na jina langu.

Daktari alitoka jua likiwa limeanza kushuka, barakoa shingoni, akatikisa kichwa juu chini kabla hajafika. Yuko hai. Damu haikusumbua. Mama alikaa sakafuni pale pale. Baba alimshika daktari mkono akasahau kuuachilia.

Tuliporuhusiwa kumwona, uso ulikuwa umevimba na jicho moja limefunga, kichwa chote bandeji. "Mama," akasema. Sauti kavu, lakini yake. "Baba." Wakashukuru Mungu. Mama akanisukuma mbele kwa mgongo. "Na huyu je? Huyu ni nani?"

Nafula akanitazama kwa lile jicho moja. Nilimwona akitafuta. Midomo ikaanza, ikaacha. "Ni... huyu," akasema. "Si ni huyu?"

Mama alicheka kicheko kibaya. Daktari akasema tusiogope, alitutahadharisha kuhusu majina, yatarudi polepole. Mimi sikuogopa tena. Mtu huogopa jambo ambalo bado halijatokea.

Nyumbani ikawa sherehe isiyokwisha. Asubuhi, jirani anatia kichwa mlangoni: "Mama Nafula, ameita?" "Hajaita!" "Bwana asifiwe!" Jioni, Baba mlangoni: "Ameita?" "Hajaita." Viatu vinavuliwa. Wiki ikaisha, nyingine ikaisha. Mama alianza kuimba akishona, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Hata wale watoto wa nyuma ya choo waliacha mchezo wao, mmoja wao akaniambia, "Niaje Kadogo, sistako amepona, sindio?" Ndio, nikamwambia, amepona. Kila mtu alikuwa anafurahi kwamba dada yangu haniiti. Na mimi nilitaka apone, tena nilitaka sana, niliuona mkono wake ulioungua kila siku. Lakini kila waliposhangilia hajaita, nilitoka nje, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Ungemwambia nani? Ungemwambiaje?

Majina yakawa yanarudi kweli. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Kikombe kilikuwa "kile cha kunywea", mwiko ulikuwa "wa ugali", Mama Tabitha alikuwa "yule wa kelele", naye akasikia. Kisha kikombe kikarudi kikombe. Mwiko ukarudi. Mama Tabitha akarudi na jina lake lote. Siku moja Nafula akasema, "Kadogo, nisogezee stuli," nikaisogeza, nikangoja. Likaja Kadogo, likaja Rose, yakaja mpaka majina ya walimu aliowachukia. Nekesa halikuja. Nikaelewa jinsi walivyofanya: daktari alimwachia Kadogo, akaondoka na Nekesa. Nilianza kukaa chooni peke yangu na kujiita kwa sauti ndogo, nione kama bado kuna mtu anayeitikia.

Basi ikawa Jumamosi, Baba yuko kazini, Mama na Mama Tabitha wako nje bombani wanafua. Nafula aliniita kwa mkono niingie chumbani. Akafunga mlango. Akavuta godoro lake kutoka kitandani akalitandika sakafuni, akasogeza stuli, akasogeza ndoo, akasogeza pasi ya makaa mpaka ukutani. Alitoa hereni masikioni akaniwekea mkononi. Nywele zilikuwa zimeanza kuota upande ule, fupi, na kovu likipinda kuzunguka sikio. Nilimwona ametoka jasho puani.

"Unafanya nini?"

"Kaa hapo," akasema, akilala ubavu kwenye godoro vile nilivyozoea kumlaza mimi. Akavuta leso chini ya kichwa chake mwenyewe. "Nishike mkono. Nataka kujaribu."

"Kujaribu nini?"

"Jina lako."

Sikuelewa. Nikamwambia, "Si ulilisahau?"

"Nani amesahau?"

"Wewe. Walilitoa. Daktari alisema hutaita tena. Hata Baba alisema. Mama Tabitha akaomba ling'olewe."

Nafula aliinua kichwa akanitazama kama mtu anayenihesabu meno. Nilidhani atacheka, maana alikuwa mcheshi. Hakucheka. "Mjinga wewe," akasema polepole. "Kumbe ndiyo maana huli? Nililo nalo siku zote ni hilo. Vikombe ndivyo nilivyosahau." Akashika koo lake. "Nimelizuia hapa. Hata siku ile mlangoni nililizuia, nikaogopa nitaanguka mbele yao wakaahirisha. Na nilipotoka huko nikaogopa zaidi. Miaka yote nikilisema naanguka. Sijui ni uoga uliokuwa unaanza ama ni jina. Sikumbuki. Na kama ni jina, Kadogo? Mama ameanza kuimba. Nikilisema ikarudi, Mama nitamwambia nini?"

"Basi usiseme," nikamwambia. Na nilimaanisha. Nililia nikimwambia, lakini nilimaanisha. "Niite Kadogo tu. Ni sawa."

"Si sawa," akasema Nafula. "Nishike."

Nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Kiganja kilikuwa kimelowa. Nje maji yalikuwa yanapiga beseni, na mtu alikuwa akipiga zulia kwa fimbo. Nafula akafumba macho, akayafumbua, akanikazia.

"Nekesa," akasema. Kwa kunong'ona.

Tukangoja. Nilitazama mdomo wake uanze kutafuna. Nilitazama mkono mwingine uanze kuvuta gauni. Nilitazama macho hasa, kwa sababu macho ndiyo yaliyokuwa yanaondoka kwanza, na nilikuwa nimeshusha goti langu tayari kumzuia kichwa. Kifua chake kilipanda kikashuka. Macho yalikuwa yale yale, yamejaa maji, na ndani yake alikuwemo.

"Iko?" nikauliza. "Uoga uko?"

"Uko," akasema. "Lakini ni huu wangu tu." Akavuta pumzi. "Nekesa." Safari hii kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayekutuma dukani. Tukangoja tena. Hakuna kitu. Basi akakaa kitako juu ya godoro, akatupa leso kule, akaita kwa nguvu zake zote, mpaka mishipa ya shingo ikasimama, "Nekesaaa!"

Nje beseni likaanguka. Mlango ulifunguka ukapiga ukuta, na Mama akaingia miguu mitupu, povu mpaka kwenye viwiko, nyuma yake Mama Tabitha ameshaanza kumtaja Yesu. Mama hakuuliza. Aliona godoro chini, akaruka, akamkamata Nafula kichwa akamlaza ubavu kwa nguvu, huku akilia kwa Kibukusu mayi wee, mayi wee, ilikuwa imeisha, ilikuwa imeisha.

"Mama, niache, unaniumiza," akasema Nafula kutoka chini ya mikono yake. "Nimemwita tu."

Mama akatulia. Povu lilimdondokea Nafula shingoni. "Umemwita?"

"Nimemwita. Mara tatu. Niko hapa."

Mama alimgeuza uso huku na huku akimchungulia jicho moja, kisha la pili. Mama Tabitha alinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ploti ile. Kisha Mama akanitazama mimi, niliyekuwa bado nimepiga magoti na hereni ngumini. Miaka yote hiyo, jina lile lilipotamkwa, kila mtu alikimbia. Hakuna siku hata moja niliyowahi kuitika.

"Sasa wewe," akasema Mama, "si umeitwa? Itika."

Lililotoka likatoka kwa ukali, kama la mtoto yeyote anayesumbuliwa na dada yake akiwa na shughuli zake.

"Nini?"

Nafula alijifuta povu shingoni. Alikuwa anacheka, analia, sijui.

"Hakuna," akasema. "Nilikuwa nakuita tu."